Akiba Mbili, Jina Moja

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza utendakazi wa Hibernate, maktaba ya Java iliyoasisiwa na Gavin King mwaka wa 2001 ili kuoanisha vitu vya programu na majedwali ya hifadhidata. Dai hilo halina mashiko. Kinachopotosha ni istilahi zinazobuniwa kwa pupa. Neno moja, "kache", hubebeshwa akiba mbili: ya kwanza huzaliwa na kufa pamoja na kikao kimoja, ya pili, ambayo ni ya hiari, hutumiwa na vikao vyote.

Chukua amri inayobadilisha rekodi nyingi kwa mpigo. Amri hiyo huipita akiba ya kwanza bila hata kubisha hodi. Karo ikishapunguzwa jedwalini, rekodi iliyokwisha kupakiwa kikaoni huendelea kuonyesha kiasi cha kale. Mwanafunzi aliyefunzwa "kache" tu huizima akiba ya pili (ya kwanza haizimiki!), kisha huilaumu hifadhidata. Lau angeambiwa "akiba ya kikao" na "akiba ya pamoja", jina lenyewe lingemwelekeza akisafishe kikao, au aipakie upya rekodi ile. Wabunaji istilahi na waketi na wanaprogramu kwanza.