Mmea wa Kivulini Hauthibitishwi kwa Picha

Wapo wenzetu waishio Ujerumani ambao, ifikapo Aprili na baridi ikaanza kulegea, huingia msituni simu mkononi, wakaupiga picha mmea wowote mfupi wenye maua meupe, wakaiachia programu itoe hukumu, kisha wakarejea nyumbani na fungu la majani ya kutia katika mvinyo au, kwa asiyegusa mvinyo, katika maji ya matufaha. Wanachokitafuta ni kile kimea chenye harufu nzuri ambacho Wajerumani hukiita Waldmeister, na ambacho katika elimu ya mimea huitwa Galium odoratum. Na rai yangu, ambayo najua haitawafurahisha wenye haraka, ni kwamba asiyeupanda mmea huu kwanza kivulini mwake na kuutazama walau mwaka mmoja hana ruhusa ya kuutia katika kikombe chake, sembuse kikombe cha mgeni.

Umbo lake si fumbo kwa anayekubali kuinama. Shina ni jembamba, laini, la pembe nne, aghalabu halizidi sentimita 30, na majani yake yamepangika kwa madaraja, kila daraja majani sita hadi tisa yakilizunguka shina. Kileleni hutoka maua madogo meupe yenye ncha nne, na baada yake mbegu zenye vinyweleo vya ndoana zinazonasa katika manyoya ya mnyama apitaye. Mkulima wa Kilimanjaro au Bukoba huenda akastaajabu kuambiwa kwamba huu ni jamaa wa mbuni, lakini ukoo ni mmoja: mbuni hutoa majani mawili mawili yanayokabiliana, na baina ya vikonyo vyake huwapo vijani vidogo mno vilivyochongoka, ilhali katika mmea huu vijani vya namna hiyo vimekua hata vikalingana na majani yenyewe, na ndipo lilipopatikana duara lile. Mashaka huja kwa kuwa ndugu zake wa karibu wana sura hiyo hiyo. Galium sylvaticum huota katika misitu ile ile, ila hurefuka zaidi na shina lake huelekea kuwa la mviringo. Galium aparine hunata katika nguo kwa vimiba vilivyopinda. Picha iliyopigwa kutoka juu hailioneshi shina, wala kidole hakiwezi kupapasa kioo kikasikia mkwaruzo.

Ithibati iliyo kubwa zaidi ni ya pua, nayo hutaka subira. Mmea mbichi hunuka majani tu. Uache unyauke kwa saa chache, ndipo itoke harufu ya nyasi kavu iliyochanganyika na vanila, kwa sababu kumarini, yaani kemikali yenye harufu hiyo, iliyokuwa imefungamana na sukari ndani ya mmea ulio hai, hufunguka chembe zinapovunjika. Hata hivyo pua isitangulie jicho, maana ipo mimea mingine yenye kumarini.

Kuupanda hakuna taabu, maadamu pana kivuli, mboji ya majani yaliyooza, na unyevu usiokatika. Mbegu zahitaji kupitiwa na baridi ndipo zichipue, nazo huchelewa. Afadhali kugawa vishina vinavyotambaa chini ya ardhi, wakati wa machipuko au wa kupukutika majani, na baada ya hapo kazi itakuwa ni kuuzuia usienee. (Anayeishi Tanga au Mombasa asijisumbue.) Sheria ya Ujerumani humruhusu mtu kuchuma kiasi cha mkono mmoja kwa matumizi yake, mbali na maeneo ya hifadhi, lakini kiasi hicho ukikipata bustanini huna haja ya kuugusa msitu.

Kipimo nacho ni jambo la kuzingatiwa sana, kwani kumarini ikizidi hudhuru ini la baadhi ya watu, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka mpaka wa miligramu 0.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. (Ndiyo kumarini ile ile iliyojaa katika mdalasini wa Kichina, na ambayo katika mdalasini wa Unguja ni chache mno.) Wajuzi huchuma kabla maua hayajafunguka, hutia gramu tatu za majani kwa lita, na huyatoa baada ya takriban nusu saa. Ile sharubati ya kijani inayotiwa katika bia ya Berlin haina la kumfundisha mtu hapa, kwa kuwa rangi yake ni ya kiwandani. Majani yenyewe hayaachi rangi ya kutajika, na anayengoja kinywaji chake kigeuke kijani atayaloweka usiku kucha, na kipimo kitapita kabla rangi haijaja.