Ndege Moja, Marais Wawili: Usiku wa Aprili 6, 1994 Unavyosimuliwa Vibaya

Kila inapofika Aprili, redio zetu na mitandao ya kijamii hurudia sentensi ile ile kuhusu Rwanda: ndege ya rais ilitunguliwa, Wahutu wakapandwa na hasira, mauaji yakaanza. Ni sentensi fupi, inaingia vizuri kwenye taarifa ya dakika mbili, na inapotosha. Inaifanya ndege kuwa ndiyo mtendaji, na wauaji kuwa watu waliozidiwa na machungu tu.

Tuanze na ndege yenyewe. Ilikuwa Falcon 50, ndege ndogo ya injini tatu iliyotengenezwa na kampuni ya Dassault na ambayo Rais Juvénal Habyarimana alipewa na serikali ya Ufaransa. Hata waliokuwa wakiirusha walikuwa Wafaransa watatu. Jumatano hiyo ilikuwa imempeleka Dar es Salaam kwenye kikao cha viongozi wa eneo hili kilichoandaliwa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Museveni alikuwepo. Kenya iliwakilishwa na Makamu wa Rais wa wakati huo, George Saitoti. Walizungumzia usalama wa Burundi, na pia walimbana Habyarimana atekeleze Mkataba wa Arusha aliotia saini Agosti 4, 1993, uliomtaka agawane serikali na jeshi na waasi wa RPF. Ndani ya chama chake na jeshi lake kulikuwa na watu ambao hawakutaka kabisa kuusikia mkataba huo.

Jioni akaondoka kurudi Kigali. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, mwenye umri wa miaka 39 na aliyekuwa madarakani kwa miezi miwili tu, akapanda ndege ya mwenzake badala ya yake. Kabla ya saa mbili na nusu usiku, ikiwa inakaribia kutua, ndege ilirushiwa makombora mawili. Ilianguka Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, ndani ya uwanja wa nyumba ya Habyarimana mwenyewe. Watu wote 12 waliokuwemo walikufa.

Hapo ndipo wengi huachia hadithi ya Burundi na kuendelea na ya Rwanda. Mimi naomba tusiiache. Marais waliokufa usiku ule ni wawili, na wote wawili walikuwa Wahutu. Nchi zao zina makabila yale yale, lugha zinazokaribiana mno, na historia ya umwagaji damu inayofanana. Tena Burundi ilikuwa na kidonda kibichi kuliko jirani yake. Miezi sita tu kabla ya hapo, Oktoba 21, 1993, wanajeshi walikuwa wamemuua Rais Melchior Ndadaye, na maelfu kwa maelfu ya Watutsi na Wahutu wakauawa katika wiki zilizofuata. Kama ni hasira za kufiwa na rais ndizo zinazowafanya watu washike mapanga, basi Bujumbura ndiyo ingekuwa ya kwanza kuwaka usiku ule.

Haikuwaka. Spika wa Bunge, Sylvestre Ntibantunganya, Mhutu, alikwenda kwenye utangazaji wa taifa usiku huo huo akiwa na waziri wa ulinzi na mkuu wa majeshi, jeshi lililotawaliwa na maafisa wa Kitutsi. Wakawatangazia wananchi kifo cha rais na kuwaomba watulie. Kisha spika akashika urais wa muda kama katiba ilivyoelekeza. Sisemi Burundi ilipona. Vita vyake viliendelea kwa zaidi ya miaka kumi na kuua watu wanaokadiriwa kufika 300,000, na Ntibantunganya mwenyewe alipinduliwa Julai 1996. Lakini mabaki ya ile ndege hayakuigeuza Burundi kuwa machinjio asubuhi yake, kwa sababu waliokuwa na mamlaka waliamua kuyatumia kutuliza.

Kigali mambo yalikwenda kinyume, na yalikwenda kwa mpangilio. Vizuizi vya barabarani vilianza kuwekwa usiku huo huo. Aliyepaswa kushika hatamu za serikali ni Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu wa chama cha upinzani. Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, alilisema hilo waziwazi katika kikao cha usiku na maafisa wa jeshi. Kanali Théoneste Bagosora akakataa katakata. Mama huyu alitaka alfajiri aende redioni kulihutubia taifa, yaani afanye kile alichokifanya Ntibantunganya. Wanajeshi kumi wa Ubelgiji walitumwa wamsindikize. Asubuhi ya Aprili 7 yeye aliuawa na askari, na Wabelgiji wale kumi walikamatwa, wakapelekwa kambini na kuuawa.

Asubuhi hiyo hiyo aliuawa Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba. Aliuawa waziri wa habari, Faustin Rucogoza. Aliuawa waziri Landoald Ndasingwa, kiongozi wa chama cha Liberal, pamoja na familia yake. Ukiitazama orodha hii taratibu utaona kwamba walioondolewa kwanza ni watu ambao wangeweza kuongoza makabidhiano halali ya madaraka, kumwapisha mtu, au kuiamuru redio ya taifa itangaze nini. Wengi wao walikuwa Wahutu. Umati uliochanganyikiwa kwa majonzi hauendi kumtafuta jaji wa katiba nyumbani kwake saa za alfajiri. Baada ya hapo ikaundwa serikali ya muda ya watu waliokubaliana na mauaji, na kwa takriban siku 100 Watutsi wakawindwa nyumba hadi nyumba, makanisani na mashuleni. Umoja wa Mataifa ulikadiria waliouawa kuwa 800,000. Serikali ya Rwanda inasema walizidi milioni moja. Na Aprili 21, Baraza la Usalama lilipiga kura ya kupunguza walinda amani wabaki 270.

Kama bado una shaka, mtazame Butare, kusini. Mkuu wa mkoa huo alikuwa Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee aliyekuwa na cheo hicho nchini. (Jina lafanana na la rais, lakini hawakuwa jamaa.) Habari za ndege zilifika Butare saa zile zile zilizofika kwingine. Watu walikuwa na redio zile zile. Hata hivyo sehemu kubwa ya mkoa ilikaa bila mauaji kwa karibu wiki mbili, kwa kuwa mkuu wa mkoa alizunguka akizuia, na watu wa Butare, Wahutu na Watutsi, wakashirikiana kulinda. Ilibidi serikali ya muda imfukuze kazi, kisha Aprili 19 rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, akaenda mwenyewe kuwahutubia viongozi wa huko akiwakemea kwa kutofanya “kazi”. Mauaji yakaanza kwa kasi ya kutisha. Habyalimana naye aliuawa. Hasira gani hiyo inayosubiri wiki mbili hadi ipewe amri?

Swali la nani aliitungua ndege limezunguka mahakama na tume kwa miaka mingi. Mwaka wa 2006 Jaji Jean-Louis Bruguière wa Ufaransa alitoa hati za kukamatwa kwa watu wa karibu wa Rais Paul Kagame, na Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Paris kwa miaka mitatu. Mwaka wa 2010 tume ya Rwanda yenyewe, iliyoongozwa na Jaji Jean Mutsinzi, iliwalaumu Wahutu wenye msimamo mkali ndani ya jeshi la serikali. Januari 2012 wataalamu walioteuliwa na majaji wengine wa Ufaransa walisema makombora huenda yalirushwa kutoka eneo la kambi ya Kanombe, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Habyarimana. Desemba 2018 kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na Februari 2022 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikathibitisha uamuzi huo. Hakuna aliyehukumiwa kwa makombora yale. Na kuna sarakasi moja ya kuchekesha kama isingekuwa ya kusikitisha: mwaka wa 2004 Umoja wa Mataifa uligundua kisanduku cha kunasa sauti kwenye kabati la faili huko New York, dunia nzima ikasimama, kisha ikabainika hakikuwa cha ndege ile.

Familia za marehemu 12 zina haki ya jibu. Hata hivyo, kila mara mjadala wa makombora unapochukua nafasi ya mjadala wa mapanga, kuna anayenufaika. Anayesema “mtuambie kwanza nani aliangusha ndege” mara nyingi anataka tuamini kwamba jibu litampunguzia muuaji hatia. Halimpunguzii. Hata ingethibitishwa kesho kwamba ni fulani, mtoto aliyekimbilia kanisani Ntarama hakurusha kombora.

Haki pia inataka tuseme jambo lisilopendwa na wengi: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Bagosora kwa mauaji ya kimbari lakini ikamwondolea shtaka la kula njama kabla ya Aprili 6. Majaji waliona ushahidi uliopo haukutosha kuthibitisha hilo dhidi yake. Hukumu yake ya maisha ilipunguzwa kuwa miaka 35, na alikufa mwaka wa 2021 akiwa bado anatumikia kifungo chake Mali. Upande mwingine, Jean Kambanda, waziri mkuu wa ile serikali ya muda, alikiri mwaka wa 1998 makosa ya mauaji ya kimbari pamoja na njama ya kuyatenda. Kwa hivyo mpango uliandikwa lini, na nani, ni suala wanalobishania wanasheria. Kwamba silaha ziligawiwa mapema na chuki ikapandwa mapema, hilo halina ubishi. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Na gazeti la Kangura lilichapa, Desemba 1993, kichwa cha habari kilichosema Habyarimana angekufa Machi 1994. Walikosea kwa siku sita.

Sasa hapa, msomaji wa Pwani, ndipo hadithi inapotufikia mlangoni. Mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, hakukamatwa Rwanda wala Congo. Alikamatwa Mombasa, Julai 18, 1997. Siku tano baadaye alikamatwa, hapa hapa Mombasa, Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyekuwa mtangazaji wa RTLM. Ruggiu alikiri na kufungwa miaka 12. Ngeze alihukumiwa maisha, kisha rufaa ikampunguzia hadi 35. Watu waliowasha nchi kwa kalamu na kipaza sauti walikuwa wakipishana nasi barabarani, wakinunua mkate madukani kwetu.

Wiki tatu baada ya hapo, usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi waliuawa, bunduki zikaibwa, na watu wa bara wakaanza kufukuzwa na kuuawa. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama. Hakuna uhusiano kati ya kukamatwa kwa wale wawili na Likoni, na sitaki mtu anisome hivyo. Ninachosema ni kuwa sisi tuna jina letu la ule uongo wa ndege. Likoni iliitwa hasira za wenyeji kuhusu ardhi na kazi. Malalamiko hayo yalikuwepo, na ni ya kweli hadi leo. Lakini malalamiko hayajifunzi kutumia bunduki yenyewe. Kulikuwa na vijana waliokula kiapo na kufunzwa msituni Kaya Bombo, na vikaratasi vya kuwatisha watu wa bara vilisambazwa, uchaguzi ukiwa mlangoni. Mwaka wa 2007 vile vile: matokeo yalitangazwa Desemba 30 na nchi ikalipuka, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Tume ya Jaji Waki ikakuta kwamba sehemu ya ghasia ilikuwa ya ghafla na sehemu ilipangwa na kulipiwa.

Uchaguzi wa 2027 utakuja na tukio lake la ghafla, hatujui lipi. Ajali, matokeo yanayobishaniwa, mtu mashuhuri kupigwa risasi. Tukio hilo litasambaa kwenye simu zetu kabla kaunti haijatoa taarifa. Wakati wa kuuliza ni sasa: katika Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River, Taita Taveta na Mombasa, nani atakwenda redioni usiku huo, na nani atasimama kando yake? Viongozi wa dini tayari wanakutana, wazee wa mitaa wanajulikana, na vituo vya redio vya hapa vina namba zao. Na kuna deni la zamani. Ripoti ya Jaji Akiwumi ilikabidhiwa 1999, ikafichwa, ikatolewa hadharani mwaka wa 2002. Mamia ya vijana walifikishwa kortini kwa ajili ya Likoni na wengi wakaachiliwa. Hakuna mwanasiasa hata mmoja mwenye jina aliyefungwa.