Madai Juu ya Risasi Yapimwe

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko mpakani mwa Burundi. Mwaka 1993, na tena mwaka 2015, zilipokea maelfu ya watu waliokimbia umwagaji damu huko, na tangu 1996 kambi ya Nyarugusu iliwahifadhi waliotoka Kongo. Wananchi wa nyanda hizo hawana haja ya kuhadithiwa madhara ya bunduki.

Lakini penye silaha hapakosi madai. Dai la kwanza husema kwamba iko dawa inayomkinga mtu asipenywe na risasi. Dai la pili hutolewa na wanaojiona wajuzi: tundu likiwa dogo, jeraha nalo ni dogo. Madai hayo yana dosari moja. Wanaoyaeneza hawakuyapima, na gharama ya kosa lao hulipwa na mtu mwingine.

Dai la kwanza lilikwisha kupimwa katika ardhi ya Tanzania, tena kwa damu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, nao wakaamini kuwa risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Umoja uliozaliwa na imani hiyo ni fahari ya taifa hadi leo. Hata hivyo, kule Mahenge, mbele ya bunduki za rashasha, maji hayakumkinga mtu.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1965, Che Guevara alipita Kigoma akavuka Ziwa Tanganyika kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Aliikuta imani ya namna ile ile. Aliandika kwamba dawa yao ilikuwa na masharti: mpiganaji asichukue kisicho chake, asimguse mwanamke, wala asiogope. Aliyeuawa alihesabiwa kuwa amevunja sharti. Hapo ndipo penye mtego, kwa maana dai lisilokubali kushindwa hata mbele ya maiti haliwezi kuitwa elimu.

Dai la pili limepimwa kwa njia iliyo bora zaidi. Kuanzia mwaka 1981 daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, aliongoza maabara iliyofyatua risasi ndani ya mabonge ya jelatini yaliyopozwa, yanayoizuia risasi karibu sawa na msuli. Ilionekana kwamba risasi ya kawaida ya AK-47, ambayo Watanzania wengi huiita SMG, huweza kusafiri kiasi cha sentimita 26 ikitanguliza ncha kabla ya kugeuka ubavu. Ile ya M16 hugeuka kwenye sentimita 12 hivi, ikavunjika vipande na kuchana nyama pande zote. Matundu ya kuingilia hulingana kwa udogo. Maangamizi ya ndani hayalingani hata kidogo. Tena risasi ikigonga mfupa, hesabu yote hubadilika.

Basi tundu la nje si ushahidi wa hali ya ndani. Majeruhi anayezungumza na kutembea aweza kuwa anavuja damu tumboni. Hana budi kufikishwa hospitali mara moja, jeraha likiwa limekandamizwa kwa kitambaa safi, bila mtu kuingiza kidole wala kijiti kutafuta risasi. Fomu ya PF3 ina kazi yake katika sheria, lakini isigeuzwe kisingizio cha kumwacha mtu akifa mlangoni.

Viongozi wa vijiji, walimu na waganga wa zahanati za Kibondo na Kasulu wana wajibu wa kuyasema haya mikutanoni bila kuona haya. Kila anayekuja na dai jipya juu ya risasi aulizwe swali moja: limepimwa wapi, na kwa njia gani? Akikosa jibu, asipewe roho ya mtu aijaribie.