Mtambo wa Kupozea Maziwa Si Kazi ya Fundi wa Bei Rahisi

Katika mikutano ya mwaka ya vyama vya ushirika vya maziwa, jambo linalozungumzwa kwa muda mrefu kuliko yote ni bei ya lita moja. Hiyo ni haki ya mkulima. Lakini ni mara chache sana kumsikia mwanachama akisimama na kuuliza nyumba ya mtambo iko katika hali gani, ni nani aliyeutia gesi mara ya mwisho, na huyo fundi alifundishwa wapi. Mimi naona ya kuwa maswali hayo yahusu mfuko wa mkulima sawasawa na bei, na tena yahusu maisha ya watu.

Wako wasemao kwamba sehemu kama Kinangop, ambako familia nyingi zilipata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, zina baridi ya kutosha hata bila mtambo. Hayo si kweli. Maziwa hutoka katika kiwele yakiwa na joto la digrii 38 hivi, na baridi ya usiku huupoza mkebe polepole mno. Kabla haujapoa, vijidudu vimekwisha kuzaana. Tangi zuri hushusha maziwa mpaka digrii 4 kwa muda wa saa chache, na hapo vijidudu karibu vyote hulegea. Siku hizi vyama vingi vimepata matangi hayo, mengine kwa fedha za wanachama, mengine kwa msaada wa Serikali na kaunti. Lakini tangi la lita 3,000 huchanganya maziwa ya watu wengi. Likiharibika usiku mmoja, aliyekama kwa usafi na aliyekama ovyo hupata hasara ileile.

Basi chama hufanya nini mtambo unapoacha kupoza? Mara nyingi huitwa kijana anayetengeneza friji sokoni, kwa sababu yu karibu na hadai fedha nyingi. Yeye huongeza gesi, mtambo huanza kupoza, naye husifiwa. Baada ya miezi minne huitwa tena. Hapa wakulima wengi hawajaelewa jambo moja: gesi ya mtambo hailiwi kama dizeli ya trekta. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mtambo usiovuja waweza kukaa miaka mingi bila kuongezewa hata kidogo. Kama gesi imepungua, pana tundu. Kuongeza gesi bila kuliziba tundu ni kama kumwaga maji katika debe lililotoboka, tena maji ya kununuliwa. Halmashauri inayolipia gesi kila mwaka bila kuuliza inakwenda wapi inapoteza fedha za wanachama.

Tena gesi hiyo ina hatari zake. Zile zitumiwazo katika matangi mengi ya maziwa hazina rangi, na harufu yake ni ndogo mno kumwonya mtu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo zikivuja hutulia chini na kuisukuma hewa njema nje. Mtu akiinama katika chumba kilichofungwa aweza kuzimia kabla hajajua kuna nini, kama wale wanaoshuka katika kisima cha zamani chenye hewa mbaya. Zikifikiwa na moto wa kuchomelea hutoa moshi wenye sumu. Mitambo mingine mipya hutumia propani, ambayo hushika moto upesi. Viwanda vikubwa hutumia amonia; hiyo hunuka sana, na hilo ni jambo jema, maana mtu hukimbia mapema, lakini huunguza macho na mapafu, na ikizidi huua. Fundi asiyejua ni gesi ipi iliyomo asiruhusiwe kufungua hata skrubu moja.

Na kuna desturi moja ambayo ningependa kila halmashauri iikataze kabisa. Fundi akitaka kutafuta tundu hujaza mabomba kwa hewa yenye nguvu ili asikie inapotokea. Kazi hiyo hufanywa kwa naitrojeni kavu, na geji ya kupima. Lakini wako mafundi wanaochukua mtungi wa oksijeni wa kuchomelea vyuma, kwa kuwa ndio walio nao. Ndani ya kompresa mna oili. Oksijeni yenye nguvu nyingi ikikutana na oili yaweza kulipuka na kuurarua mtambo wote pamoja na aliyeushika. Ukimwona fundi akileta mtungi wa oksijeni karibu na mabomba, muulize ni wa kazi gani. Kama ni wa kujaza mabomba, msimamishe, hata kama ni mwana wa ndugu yako.

Nyumba ya mtambo nayo yataka akili. Mtambo wa kupoza hauumbi baridi. Huyaondolea maziwa joto na kulitupa nje kupitia kile chombo chenye mapezi membamba na feni. Mtambo ukifungiwa katika chumba kisicho na madirisha, joto hilo halina pa kwenda. Ukijaa vumbi la barabara na manyoya ya kuku, ni vivyo hivyo: kompresa hutweta, stima huliwa nyingi, na mwisho wake huungua. Kuyasafisha mapezi kwa brashi laini, swichi kuu ikiwa imezimwa, ni kazi ya muda mfupi tu. Tena jenereta isiwekwe kamwe katika chumba hicho, kwani moshi wake huua bila kelele.

Kuhusu stima nitasema kwa ufupi. Mitambo mikubwa hutumia nguvu ya volti 415, na sakafu ya kituo huwa na maji kutwa. Waya wa kwenda ardhini na swichi ya kujikata yenyewe si mapambo. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, naye aonyeshe leseni yake kabla hajaanza. Anayeosha tangi azime swichi, aifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae katika mfuko wake mwenyewe, ili mwiko wa kukoroga usije ukaanza kuzunguka mkono wake ukiwa ndani. Wala asichanganye dawa ya asidi na dawa ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Najua jibu litakalotolewa: fundi aliyefunzwa hudai fedha nyingi, na pengine hutoka Nakuru au Nairobi. Ni kweli. Kwa hiyo nashauri chama kimpeleke kijana wake mmoja akafundishwe kazi hii katika chuo cha ufundi, arudi na cheti. Hata yule fundi wa sokoni aweza kuwa ndiye, kama yu tayari kujifunza. Na kwa gharama za kazi, wanachama wakubali kukatwa kidogo. Tuseme senti 20 kwa lita. Chama kinachopokea lita 3,000 kwa siku kitapata shilingi 600, yaani shilingi 18,000 kwa siku thelathini. Wengi watanung'unika, na wana sababu, maana wamekwisha kukatwa fedha nyingi wasizoonyeshwa zilikokwenda. Ndiyo maana fedha hizi ziwekwe katika akaunti yake peke yake, zisiguswe kwa mishahara wala kwa safari za halmashauri.

Karani anapoisoma hesabu hiyo mbele ya mkutano, asome pia daftari la mtambo: tarehe ya kila usafishaji, jina la fundi aliyeufungua, aina ya gesi na kilo alizotia. Mwanachama akisikia gesi imetiwa mara mbili katika mwaka mmoja, na ainue mkono aulize tundu liko wapi.