"Tutakutangaza" Hailipi Studio

Wasee wa TV wana neno moja wanalolipa nalo watunzi wa Gusii: "tutakutangaza." Unawapa wimbo wa kufungulia kipindi, mlio wa kuingiza habari, obokano ya kupiga chini ya sauti ya mtangazaji, halafu malipo yako ni jina kupita chini ya skrini sekunde mbili. Kama wamekumbuka kuliweka.

Enda soko la Daraja Mbili pale Kisii, beba mkungu wa ndizi, kisha umwambie yule mama: sina pesa, lakini nitawaambia watu ni wewe ulilima. Utajua hujui.

Binamu yangu ana studio ndogo Nyamira, chumba cha nyuma ya saiba. Mwaka jana kituo kimoja, jina naliacha mfukoni, kilimwomba mlio wa kipindi cha wakulima. Akalipa mpigaji obokano, akalipa stima, akakesha usiku tatu akiupanga. Wakamwambia, "Tuma tu kwa WhatsApp, mambo ya karatasi tutaona." Mlio unapigwa kila wiki mpaka leo. Karatasi haijaonekana. Shilingi pia haijaonekana.

Sasa sikizeni vizuri, bamura, juu hapo kwa "tuma tu" ndipo mtego uko. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema ukiuza haki yako yote, au ukimpa mtu mmoja ruhusa ya kipekee, lazima kuwe na maandishi na sahihi. Poa. Lakini ruhusa ya kawaida, ile isiyo ya kipekee, inaweza kuwa ya mdomo, hata kusomwa tu kutokana na vitendo vyako. Umetuma faili, umejibu "sawa boss", umeweka na kidole gumba juu. Wakili wao atauliza: si ulikubali? Wao wanajua hii sheria. Wewe unafikiria ni uungwana.

Na ukiuliza pesa unaambiwa, "Sisi tulishalipa MCSK." Hii ndiyo inanichoma zaidi, kwa sababu inasikika kama jibu. Kulipa MCSK ni kulipia nyimbo za watunzi waliojiunga nayo zikichezwa hewani. Kuchukua wimbo na kuushona ndani ya kipindi chako uwe sura yake ni ruhusa nyingine, na hiyo unazungumza na mwenye wimbo na mwenye rekodi. Tena kama mtunzi hajawahi kujiunga na MCSK, walimlipia nini hasa?

Hata hizo za MCSK, mnakumbuka 2019? Karibu wanachama elfu kumi na nne walipata shilingi 2,530 kila mmoja. Sawa kwa wote: aliyechezwa kila siku na ambaye hakuchezwa. Miaka miwili baadaye KECOBO ikapokonya leseni MCSK, KAMP na PRISK zote pamoja. Vituo navyo vinapenda sana kutaja huo mvurugano, kana kwamba mwenye duka akigombana na mkewe wewe unaruhusiwa kubeba unga.

Marekani, kipindi kikitoka kinaandamana na orodha: wimbo gani, wa nani, umepigwa sekunde ngapi. ASCAP na BMI wanalipa watunzi kwa kufuata hiyo orodha, kila kipindi kinaporudiwa. Ni karatasi moja tu. Mtu wa kuhariri video anaweza kuijaza akinywa chai. Hapa kwetu nani anaijaza? Bila hiyo orodha pesa itamfuata aje mzee wa obokano kule Ogembo?

Halafu cheki unafiki. Mimi nikichukua sekunde kumi za habari za kituo niweke kwa video yangu, napigwa straiki ya hakimiliki. Nishapigwa mbili. Tatu ndani ya siku 90 na YouTube inafunga chaneli. Kumbe hakimiliki wanaijua! Wanaijua ikiwa yao.

Najua mtasema vituo vya kwetu ni vidogo, matangazo hakuna. Kweli, vingine vinahema. Lakini vinalipa stima, vinalipa mafuta ya gari, vinalipa mtangazaji hata kama ni kidogo. Leta elfu tano kwa mwaka mmoja, tuandikiane, mwaka ukiisha tuongee tena. Hakuna mtu ameitisha milioni. Mimi napigana na sifuri.

Na nyinyi wazazi na maantie, wacheni kutuambia "angalau kijana yuko TV." Niliacha chuo, kwa hivyo najua vile hiyo angalau inatamaniwa nyumbani. Lakini landlord wa studio hajawahi kuchukua angalau.

Kwa hivyo wakikuandikia "tuma tu", usitume wimbo mzima. Tuma sekunde ishirini zenye sauti yako juu ikisema jina lako, na ujumbe huu: "Nitafurahi kufanya kazi na nyinyi. Kipindi ni kipi, kitarushwa wapi na kwa muda gani, mnalipa ngapi, na nani anatia sahihi?" Binamu yangu ameutuma juzi kwa kituo kingine. Wameona tiki mbili za bluu, wamenyamaza. Wimbo bado uko kwake.