Uzito wa faili si ufundi!

Wadau, hivi nani aliwadanganya mainjinia wetu kwamba faili zito ndiyo ufundi? Mtu anachora pampu, kila boliti anaichonga mpaka meno yake, kisha anamtumia fundi mwenye bando la kuungaunga!

Hesabu iko wazi. Faili la STL, ukiacha lile la maandishi, linakula baiti 50 kwa kila pembetatu. Pembetatu milioni moja ni megabaiti 50, na meno ya boliti ndiyo yanayozizalisha.

Dawa ipo. AutoCAD ina amri ya PURGE, inafagia leya na bloku zisizotumika. Kwenye modeli, tengeneza nakala ya kutuma: ondoa meno ya boliti na vya ndani visivyoonekana. Ile kamili baki nayo.

Mtasema kiwandani wanataka usahihi. Sawa, mkereza vyuma apewe kamili. Lakini fundi wa saiti anataka kujua tundu linakaa wapi. Faili likigoma kufunguka, atatoboa kwa kufuata mchoro wa zamani. Ukuta ukibomolewa, nani alipe? Fundi?

Nawakilisha.