Somo la vitamini D lisiishie kwenye matege

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili ukosefu wa vitamini D huleta ugonjwa gani. Atakujibu kabla hujamaliza swali: matege. Jibu hilo limo kwenye jedwali lile lile lenye vitamini A na upofu wa usiku, vitamini C na kiseyeye, jedwali ambalo kila aliyepita shule zetu amelikariri. Ni jibu sahihi na mwalimu atampa alama yake.

Sasa mpe mwanafunzi huyo karatasi ya majibu ya maabara ya mama yake. Imeandikwa vitamini D, mbele yake 22, pembeni kuna herufi L, na mwisho wa mstari kuna "30 – 100". Muulize kama mama anaumwa au haumwi. Atanyamaza. Mama naye hajui. Ameambiwa tu "iko chini", na sasa anatafuta fedha za vidonge vya miezi mitatu.

Hatumlaumu mwalimu. Mtihani ukiuliza jina la ugonjwa, naye hufundisha jina la ugonjwa. Lakini nje ya darasa mambo yamebadilika. Kipimo hiki sasa kimo kwenye vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima vinavyouzwa mijini, na wazazi wanarudi nyumbani na namba ambazo hakuna aliyewahi kuwafundisha kuzisoma. Safu hii inaomba jambo moja: somo la vitamini D lifundishwe pamoja na namba zake.

Tuanze na jambo jepesi kuliko yote, ambalo ndilo linalowachanganya wengi. Vitamini D ya kwenye damu huandikwa kwa vipimo viwili. Maabara moja hutumia nanogramu kwa mililita (ng/mL), nyingine nanomoli kwa lita (nmol/L). Nanogramu moja ni sawa na nanomoli 2.5. Kwa hiyo 22 ya mama yetu kwa kipimo cha kwanza ni 55 kwa kipimo cha pili. Mzazi anayesoma kwenye kundi la WhatsApp kwamba mtoto wa mwenzake ana 55, wake akiwa na 22, atakosa usingizi bure, maana watoto hao wako sawa.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Chukua watoto wawili, wote wana 24. Wa kwanza amepimwa kwa nanogramu, hana tatizo. Wa pili amepimwa kwa nanomoli, na 24 yake ukiigawa kwa 2.5 inabaki 9.6 tu. Huyo anahitaji daktari wiki hii. Hesabu ya kugawa kwa 2.5 inaiweza mtoto wa darasa la sita, na mazoezi ya desimali yenye faida kubwa kuliko hilo si mengi.

Swali linalofuata ni gumu kidogo: nani aliyesema 30 ndiyo iwe kikomo? Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia ushahidi wa mifupa na kusema kiwango cha nanogramu 20 kinawatosha karibu watu wote, yaani 97 na nusu katika kila 100. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa homoni cha nchi hiyo hiyo kikaweka kikomo chake juu zaidi, 30. Maabara nyingi duniani zikachapisha 30 kwenye karatasi zao. Mwaka 2024 chama hicho kikatoa mwongozo mpya, kikaacha kukitetea kikomo hicho cha 30, na kikashauri watu wazima wenye afya wasio na sababu maalumu wasipimwe kama desturi. Mwongozo umebadilika, lakini ziko karatasi ambazo bado zina 30.

Hata ile 20 husomwa vibaya. Fundi anayejenga nyumba huupa mlango urefu wa kumtosha karibu kila mtu kupita bila kuinama. Mtu mfupi kuliko mlango hana ugonjwa wa ufupi. Vivyo hivyo, nanogramu 20 imewekwa iwatoshe hata wale wenye mahitaji makubwa. Nusu ya watu hutosheka na 16 au pungufu ya hapo. Mtu mwenye 18 anaweza kuwa hana upungufu wowote, ingawa mashine itamchapia L bila huruma.

Hapa ndipo mwalimu wa hisabati anapohitajika. Mwaka 2020 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika, zenye watu zaidi ya 21,000, ukiongozwa na mtafiti wa Kenya. Ni Waafrika wangapi wenye upungufu wa vitamini D? Ukiweka kikomo cha nanomoli 30, ni asilimia 18. Ukikipandisha hadi 50, ni asilimia 34. Ukikipandisha hadi 75, ambayo ndiyo ile nanogramu 30 ya kwenye karatasi, ni asilimia 60 hivi. Watu ni wale wale na damu ni ile ile, kilichosogezwa ni mstari. Mwandishi wa habari anayetaka kichwa kikubwa atachukua 60, na muuza vidonge vilevile. Mwanafunzi aliyewahi kuuchora mchoro huo kwa mkono wake mwenyewe atauliza kwanza mstari umewekwa wapi.

Wataalamu hao walipowaangalia watoto wadogo wa Kenya, Uganda, Burkina Faso, Gambia na Afrika Kusini, zaidi ya 4,500, waliokuwa chini ya nanomoli 50 walikuwa chini ya asilimia 8, na walio chini ya 30 hawakufika hata asilimia moja. Na kwetu Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili, wanaoshinda nje, ukakuta wastani wa nanomoli 115. Mzazi anayesikia kwamba "Waafrika wengi hawana vitamini D" anastahili kuzisikia na namba hizi.

Lakini mtu asitoke hapa akidhani ugonjwa wenyewe ni wa kubuni. Upo, na unapompata mtoto mchanga unaumiza. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Mtoto anayenyonya tu, anayekaa ndani ya chumba siku nzima kwa sababu mama anafanya kazi au kwa sababu nje hapana uwanja, anaweza kuishiwa. Dalili zake si za karatasi: meno yanachelewa, mtoto anachelewa kusimama, vifundo vya mikono vinanenepa, mbavu zinaota vinundu, na wengine hupata degedege bila homa kwa sababu kalsiamu imeshuka. Walio hatarini pia ni wagonjwa wa figo na ini, kwa kuwa viungo hivyo viwili ndivyo vinavyoigeuza vitamini D iwe ya kufanya kazi, na wanaotumia kwa muda mrefu baadhi ya dawa za kifafa kama fenobabitoni. Kwa hawa, kipimo ni fedha iliyotumika vizuri.

Matege nayo yana sura nyingi, na hapa jedwali la darasani linadanganya kidogo. Miguu ya mtoto wa mwaka mmoja huwa imepinda kwa kawaida, na mara nyingi hunyooka anapopita miaka miwili. Kule Maji ya Chai na vijiji vingine vya Arusha, watoto wamepinda miguu kwa madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji ya kunywa, na hakuna kidonge cha vitamini D kitakachosafisha maji hayo. Nchini Nigeria, penye jua tele, madaktari walijaribu tiba kwa watoto 123 wenye matege na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Mlo wao ulikuwa na kalsiamu ndogo mno. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake, maziwa, na mboga kama mchicha wa aina zake havina matangazo redioni, lakini dagaa na maziwa hasa ndivyo vinavyojenga mfupa.

Jua nalo linafundishika kwa kijiti. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa miale ambayo asubuhi na jioni haifiki chini vizuri, kwa sababu jua likiwa limelala miale hiyo hupita kwenye hewa nyingi. Kanuni rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko kijiti, vitamini inayotengenezwa ni kidogo. Wanafunzi wachomeke kijiti uwanjani, wapime kila saa, wachore. Wataona kwamba jua la saa moja asubuhi, lile ambalo bibi zetu humwotesha mtoto, lina joto zuri na vitamini kidogo, na kwamba kivuli hulingana na kijiti kadiri saa nne inavyokaribia. Dakika chache wakati huo, mikono na miguu ikiwa wazi, zinatosha kuanzia. Hatusemi mtoto akaangwe saa sita. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo hata kidogo. Na mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani kwa ajili ya vitamini. Saratani ya ngozi ni tishio kubwa kwake, na kama kuna shaka daktari atampa kwa njia nyingine.

Sababu ya kusisitiza haya yote ni kwamba tiba isiyohitajika nayo ina madhara. Vitamini C ikizidi huenda na mkojo. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu: kichefuchefu, kutapika, kiu isiyoisha, choo kigumu, na mwisho figo. Mtoto mchanga anahitaji uniti 400 kwa siku, na hadi miezi sita asipewe zaidi ya 1,000 bila daktari. Mtu mzima kikomo chake ni 4,000. Ziko sindano za chupa ndogo zenye uniti 300,000. Gawanya kwa 400 upate mahitaji ya mtoto ya siku 750, zaidi ya miaka miwili, kwa mchomo mmoja. Ina kazi yake mikononi mwa daktari, lakini si dawa ya kuombwa dirishani kwa kuwa jirani ilimsaidia.

Utasikia pia kwamba wenye vitamini D ndogo hupata zaidi saratani na magonjwa ya moyo. Ni kweli tafiti nyingi zimeviona vikienda pamoja. Ila mgonjwa hushinda ndani, hali vizuri, hatembei. Ugonjwa wenyewe waweza kuishusha namba. Marekani iliwagawa kwa kura watu 25,871, nusu wakapewa uniti 2,000 kila siku na nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa miaka mitano na zaidi. Matokeo ya mwaka 2018: saratani na mishtuko ya moyo havikupungua. Washiriki wengi hawakuwa na upungufu mkubwa tangu mwanzo, kwa hiyo utafiti huo hauwahusu walio chini kabisa. Unawahusu wale wenye 22.

Watasema haya ni mazito kwa mwanafunzi. Tazameni kadi ya kliniki. Mama aliyeishia darasa la saba anaisoma. Anajua nukta moja haitoshi, anatazama mstari unapanda au umelala, na akiona umelala kwa miezi miwili anauliza kabla ya muuguzi. Huo ni usomaji wa takwimu za afya, na alifundishwa akiwa kwenye benchi la kusubiri, mtoto mgongoni.

Kwa mwalimu wa baiolojia, kipindi kimoja na cha hisabati kimoja vinatosha: karatasi mbili za majibu ya kubuni zenye vipimo tofauti, na zile asilimia tatu. Majibu ya watoto halisi yasipelekwe darasani. Maabara nazo ziandike kipimo kwa herufi zinazosomeka, na zitaje kikomo chao wamekichukua wapi. Na wewe mzazi uliyeshika karatasi leo, kabla ya kwenda duka la dawa mwulize daktari namba hii ni ya nanogramu au nanomoli, mwanangu ana dalili gani inayoendana nayo, na kama tukitibu tutapima tena lini. Akikuambia mtoto anakua vizuri, anacheza nje na anakula dagaa wake, unaweza kuikunja karatasi ukaiweka ndani ya daftari la kliniki.